Kamba ya Fundi Maduhu na Birika la Nkoma

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na moja. Neema, najua umecheka. Maliza kucheka halafu usome, kwa sababu kiti ulichokalia hapo kaunta kilikuwa changu miaka tisa, na sikukiacha kwa kupenda. Nina hasira. Nilisubiri ziishe ndipo niandike, zikakataa, basi naandika nazo.

Sitakueleza nilianza na mshahara gani wala nilimaliza na gani. Hayo hayamfundishi mtu kukata waya.

Nilifika hapo dukani Bariadi na cheti cha kidato cha nne chenye D ya fizikia. Siku ya kwanza akaingia mteja, akasema, "Nipe waya mzuri." Nikatazama rola zote ukutani nikampa mwekundu, kwa sababu ulikuwa unang'aa. Nilikuwa naupima kwa rula ya meza pale uliponyakuliwa mkononi mwangu.

"Mzuri wa nini?" Fundi Maduhu aliniuliza. "Wa kufungia mbuzi?"

Hivyo ndivyo nilivyomfahamu. Alikuwa mzee mfupi, mkavu, mwenye vidole viwili vya mkono wa kushoto visivyokunjika. Alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha kuchambulia pamba kabla ya kuja dukani, na vile vidole aliviacha huko, ingawa bado alitembea navyo. Tajiri, mwenye duka, alimweka kama mshauri wa wateja. Mzee mwenyewe alijiweka kama askari wa mlangoni: hakuna waya uliotoka pale bila maswali matatu. Unawasha nini? Umbali gani? Unapita wapi?

Wateja walimchukia. "Mimi nanunua waya, sijaja polisi," mama mmoja alimwambia.

"Sasa mama, ukiungua si utakuja polisi?" mzee akamjibu. "Anza kuzoea."

Mambo ya swali la kwanza niliyashika haraka. Waya wa unene wa moja na nusu ni wa taa. Mbili na nusu ni wa soketi. Jiko la umeme au heta ya kuogea inataka nne, au sita, inategemea na ulaji wake. Ukimpa mwenye jiko waya wa taa, jiko litawaka vizuri tu siku ya kwanza, na hapo ndipo uongo wa waya huo ulipo. Waya mwembamba haukatai kazi. Unaifanya huku unachemka ndani ya ukuta, mpaka siku ngozi yake inapoyeyuka.

Alinifundisha pia kutoamini maandishi. Unachuna waya, unahesabu nyuzi, unakwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukikuta ndani mweupe, hiyo si shaba, ni aluminiamu iliyopakwa rangi. Unainua rola mkononi. Rola nyepesi kuliko ndugu zake ina siri. Nilikuwa nainua rola kila asubuhi kama ninavyowainua wanangu sasa, kuona nani kapungua.

Swali la pili lilinichukua muda zaidi, na huku kwetu lina ugonjwa wake. Mtu wa Simiyu anajenga kwa pamba. Msimu huu chumba kimoja, msimu ujao sebule, mwaka wa mvua mbaya hakuna kitu. Na waya anaununua hivyohivyo: kila chumba kipya kinaning'inizwa kwenye waya wa chumba cha jana. Niliwahi kwenda na mzee Maduhu kwenye nyumba ya vyumba sita ambayo chumba cha sita kilikuwa kinakula umeme kupitia tundu la taa la chumba cha kwanza. Taa ya huko mwisho ilikuwa nyekundu kama macho ya mlevi. Mwenye nyumba akasema balbu za siku hizi ni feki. Mzee akamwambia, "Balbu ni nzima, baba. Umeme ndio umefika umechoka." Kisha akavuta waya mpya, mnene, kutoka kwenye meni swichi, ile swichi kuu ya nyumba, hadi chumba cha sita. Balbu ileile ikawa nyeupe. Njia ndefu inataka waya mnene.

Swali la tatu, unapita wapi, nililiona la kizee. Kwa ajili yake Maduhu alikuwa na kamba ya katani ya mita ishirini, yenye fundo kila mita, iliyoning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Futi kamba ya chuma alikuwa nayo, na hakuigusa. "Hii ya chuma inapenda kunyooka," alisema. "Waya wako haunyooki. Unapanda ukuta, unazunguka dari, unakwepa choo. Pima kwa kitu kinachopinda."

Magoti yalipomshinda alirudi kwao Binza, kule Maswa. Aliniachia maswali matatu na kamba. Nikawa mimi ndiye askari wa mlangoni, na wateja wakanichukia mimi.

Kisha nikajifungua mapacha. Tangu hapo jina langu likawa Mama Kulwa, na Doto akawa analala ndani ya boksi la feni chini ya kaunta, maana Kulwa ndiye aliyekuwa na sauti ya kudai mgongo. Tajiri alivumilia. Nasema alivumilia kwa sababu ndilo neno alilolitumia yeye mwenyewe, mara nyingi, mbele ya wateja.

Ilikuwa msimu wa pamba, wateja wamejaa mpaka barazani, aliponijia mtu mmoja wa upande wa Nkoma aitwaye Masunga. Mtu wa makamo, ana ng'ombe wengi na kisima kipya. Alitaka kebo ya kuzika ardhini, kutoka kwenye mita ya nyumbani hadi kwenye pampu iliyo kando ya birika la kunyweshea ng'ombe.

"Unawasha nini?"

"Pampu. Hii hapa karatasi yake."

"Umbali?"

"Nimepiga hatua sabini. Miguu yangu mirefu, weka sabini na tano."

Nikahesabu ulaji wa pampu na umbali, nikamchagulia kebo nzuri ya shaba yenye koti la nyuzi za chuma na waya wa tatu ndani yake, ule wa kijani na njano, wa ethi, unaoupeleka ardhini umeme uliovuja. Hiyo ndiyo kebo ya kwenda chini ya ardhi palipo na kwato. Doto alikuwa analia kwenye boksi. Watu sita walikuwa nyuma ya Masunga, mmoja anagonga kaunta kwa funguo. Nikakata mita sabini na tano.

Sikuuliza unapita wapi.

Neema, ningeweza kuandika hapa kwamba niliuliza. Nani angenibishia?

Masunga alirudi masika yalipoanza, mapema asubuhi, duka halina watu. Hakuja kununua. "Ng'wana Masanja," alianza, maana alishajua mimi ni mtoto wa nani, "hamnunui pampu iliyotumika? Ile nataka kuitoa."

"Imeharibika?"

"Pampu nzima. Maji ndiyo yameharibiwa." Akaketi. Ng'ombe wake wawili walianguka kwenye birika wakinywa, juzi, mmoja baada ya mwingine, wakafa palepale. Hakuna jeraha, hakuna povu. "Na aliyefanya tunamjua. Mama yetu mdogo, mke wa mwisho wa marehemu baba. Wazee wanakaa leo mchana, ataondoka. Arudi kwao, akawaroge wa huko."

"Mnamjuaje?"

"Alisema mwenyewe! Siku moja kabla, ametoka birikani, akatuambia wote tunamsikia: 'Maji haya yanauma, msipeleke ng'ombe.' Tukacheka. Sisi tunachota kila siku, mbona hatuumwi? Kesho yake ng'ombe wanaanguka. Sasa niambie, alijuaje?"

Nikamuuliza: "Huyo mama alikuwa amevaa nini miguuni?"

"Kuvaa?" Masunga akacheka. "Bibi Minza? Tangu nimfahamu hajawahi kuweka kiatu mguuni. Anatembea peku hata kanisani."

"Na ninyi?"

Akainua mguu. Katambuga. Kipande cha tairi la lori, kinene kama kitabu cha sheria. Hakuna umeme unaopita hapo.

"Piga simu nyumbani," nikamwambia. "Wazime meni swichi sasa hivi. Na watoto wote watoke birikani."

"Mama Kulwa, mimi nakueleza habari za..."

"Ng'ombe hana katambuga, Masunga! Piga simu!"

Akapiga. Tajiri alitoka ndani kwa kelele zile, akanikuta nashusha kamba ya Maduhu kwenye msumari na kuweka mita ya kupimia umeme kwenye mkoba. Akauliza naenda wapi. Nikasema Nkoma. Akauliza nani amenituma. Nikamwacha Doto kwa jirani yetu muuza chapati, nikamfunga Kulwa mgongoni, nikapanda pikipiki nyuma ya Masunga. Swali lake sikulijibu, na nadhani ndilo linalomuuma hadi leo.

Tulifika wazee wameshakaa, saba au wanane, kwenye viti vya plastiki uani. Bibi Minza alikuwa amekaa chini peke yake karibu na mlango wa kijumba chake, miguu imenyooshwa mbele. Kando yake palikuwa na furushi limeshafungwa. Alifunga mwenyewe, hakusubiri kuambiwa. Furushi lile liliniudhi kuliko wazee wote.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma, nikimwita mama.

"Mwadila, mwanangu. Mtoto wako atapigwa jua."

Watu wanataka kumfukuza, yeye anaangalia jua la mwanangu. Nikampa Kulwa amshike.

Nilichofanya kwanza nakieleza polepole, maana ni kazi na siku moja utaifanya. Niliwaweka watu wote mbali, na ng'ombe pia. Nikavaa buti zangu za mpira. Nikachoma ncha moja ya mita kwenye udongo mkavu kando, ncha nyingine nikaitumbukiza kwenye maji ya birika. Namba ikasoma sifuri. Nikamwambia Masunga awashe meni swichi, ahesabu hadi tano, azime. Namba ikaruka. Ilipita volti mia.

Mzee mmoja, Luhende, mkubwa wao, alikuwa amesogea kuchungulia kwa nyuma yangu. "Hicho kimashine kinasema nini?"

"Kinasema alichosema mayu, baba. Maji yanauma."

Wakaguna. Nikaenda kwenye meni swichi. Pale pana kifaa kinachotakiwa kukata umeme chenyewe ukivuja. Kilikuwa kimerukwa kwa kipande cha waya. Masunga akasema fundi wa kijijini ndiye aliyekiruka, kwa sababu kila mvua ikinyesha kilikuwa kinakata. Yaani kilikuwa kinapiga kelele, wakakiziba mdomo. Nilianza kuona ni tabia ya nyumba ile.

Kisha nikauliza lile swali, na miezi kadhaa imepita. "Kebo inapita wapi?"

Masunga akanyoosha mkono. Moja kwa moja kutoka kwenye mita hadi birikani ni hatua sabini kweli, hakunidanganya. Lakini katikati ya mstari ule kuna kaburi la baba yake. Vijana walipofika hapo na majembe, Bibi Minza alisimama mbele yao akasema hawachimbi miguuni kwa mume wake. Wakapinda. Walipopinda wakakutana na zizi, wakalizunguka na lenyewe.

Nikafunga kamba kwenye kisanduku cha mita nikaanza kufuata mtaro, fundo kwa fundo, nikizunguka kaburi, nikizunguka zizi, kamba ikiisha naweka alama naanza tena. Wazee walinifuata mstari mmoja kama wanafunzi. Mara tatu kamba nzima, sitini. Kisha mafundo kumi na tano. Hapo nilikuwa nimesimama kwenye tope, pale maji yanayomwagika birikani yanapotuama na ng'ombe wanaposimama kunywa. Hadi kwenye pampu bado mita kumi na saba.

"Chimbeni hapa," nikasema.

Hawakufika hata urefu wa mkono. Jembe lilitoa mfuko wa sukari uliofungwa kwa tepu nyeusi. Ndani yake kebo yangu nzuri, shaba, koti la chuma, ilikuwa imesokotwa na waya bapa mweupe wa ndani ya nyumba, ule unaopigiliwa ukutani. Masunga alikuwa na kipande kilichobaki wakati wa kuweka taa sebuleni. Waya ule una nyuzi mbili tu. Wa ethi uliishia pale kwenye tope, umekatwa, hauendi popote. Maji yalikuwa yameingia kwenye mfuko na shaba imeota ukungu wa kijani.

Nikawaeleza yote: umeme ulivuja hapo ukaingia kwenye tope na maji, mguu peku wa mayu ukausikia ukiwa bado mdogo, mvua ikaukuza, ng'ombe wakaukanyaga kwa kwato nne. Walielewa, hawa ni watu wa akili. Nikageuka nikamchukue mwanangu.

"Sawa," Masunga akasema. "Ni waya. Nakubali ni waya." Kisha, taratibu, kama mtu anayefikiri kweli: "Lakini waya haukufika kwa nini? Si kwa sababu yake? Angetuacha tupite, ungefika. Waya uliua ng'ombe, na yeye ndiye aliyeufupisha waya."

Na wazee wakaitikia kwa vichwa! Mmoja akasema hilo nalo ni neno.

Nimewaza sana habari hii nikinyonyesha, maana kunyonyesha mapacha kunampa mtu muda wa kuwaza. Mimi nilidhani nikileta sababu, watamwacha. Lakini walikuwa na ng'ombe wawili wamekufa na walitaka mtu, na sababu bila mtu haikuwatosha. Fundi wa kijijini alikuwa ameshahamia mgodini, hayupo. Aliyebaki mbele yao alikuwa mjane mmoja asiye na viatu, na furushi liko tayari.

Nikasema, "Kama mnatafuta mtu, ni mimi."

Nikamgeukia mwenye kebo.

"Masunga, ulipokuja dukani nilikuuliza unawasha nini?"

"Uliuliza."

"Nikakuuliza umbali?"

"Uliuliza."

"Nilikuuliza unapita wapi?"

Akafikiri. "Hapana."

"Hiyo ndiyo kazi yangu. Wewe hujui kwamba waya unapinda, mimi najua, nalipwa kwa kujua. Ningeuliza, ungeniambia kuna kaburi la mzee, na hakuna mtu wa kwetu anayechimba kaburini, ningekukatia mita tisini na tano na tusingekuwa hapa. Mayu alifanya kazi ya mjane. Mimi sikufanya ya kwangu. Ng'ombe wale waliuawa kaunta, Bariadi."

Mzee Luhende alinitazama, akamtazama Kulwa mikononi mwa bibi, akauliza, "Una ng'ombe wewe?"

"Sina, baba. Nina mapacha."

"Hao hatuwataki," akasema, na watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichomwokoa bibi, nakuapia. Akamgeukia Masunga. "Mtu umempata. Tena amejileta mwenyewe. Mwambie mama yako afungue mzigo."

Masunga hakusema samahani. Alikwenda akalichukua furushi, akaliingiza ndani ya kijumba, akatoka akasimama mlangoni hajui aweke wapi mikono.

Habari ilifika Bariadi kabla yangu. Tajiri alinisubiri. "Ungesema ni yule fundi wa kijijini! Hayupo, hasikii, haumii! Umekwenda mbele ya ukoo mzima kusema duka langu limeua ng'ombe?"

Nikamwambia sikusema duka, nilisema mimi. Akasema mimi nikiwa kaunta ndiyo duka. Hapo alikuwa na haki, nakiri. Lakini kisha akatazama lile boksi la feni akasema, "Nenda ukapumzike na watoto wako." Hivyo ndivyo nilivyostaafu, kama vile ni watoto walioshindwa kuuliza. Kwa neno hilo sijamsamehe.

Wiki iliyofuata nilirudi Nkoma kwa hiari yangu, Masunga akiwa amenunua kebo nyingine, duka jingine. Mita tisini na tano, kipande kimoja, hakuna kiungo. Tulizika na tofali juu yake ili jembe lijue, tukazunguka kaburi kwa heshima zote, nikapigilia fimbo ya ethi, nikarudisha kile kifaa kwenye meni swichi na kuapa mbele ya Masunga kwamba atakayekiziba tena nitamtafuta mimi mwenyewe.

Nilimpelekea Bibi Minza katambuga, namba ndogo. Alizigeuza, akazikunja, akashukuru, wabeja, wabeja sana. Kisha akazitundika kwenye msumari, akaenda peku hadi birikani, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akasimama hivyo kitambo. Masunga na watoto wake wote walisimama wakimtazama usoni. Alipotikisa kichwa kwamba hamna kitu, ndipo ng'ombe walipofunguliwa.

"Mayu, viatu ni vya kuvaa," nikamwambia.

"Nikivaa," akasema, "nani atawaambia?"

Neema, kamba iko kwenye msumari nyuma ya mlango. Niliirudisha, si mali yangu, ni ya anayekaa kaunta. Wakiwa sita, wakiwa kumi, wakigonga kaunta kwa funguo, uliza swali la tatu.